Kadi ya Mguu

Jumapili, 7 Septemba 2025

Nimepata kazi!

Miaka kumi na sita sijaandika maneno haya. Na leo nayaandika kwa Kiswahili, kwenye daftari la hesabu ambalo binti yangu Wasan aliliacha nusu, kwa sababu nyumba hii hakuna awezaye kukisoma. Wasan anakisikia vizuri, lakini akikiona kwenye karatasi anaigeuza karatasi huku na huku kama ramani. Baba yake, Nasr, anajua cha jikoni tu. Mimi nilisoma Tabora mpaka darasa la saba na nikaongeza miaka miwili ya sekondari kabla hatujahamia huku kwenye nchi ya Kiarabu. Basi humu niko salama, naweza kusema ninalotaka.

Kazi yenyewe: ualimu wa udereva, wa wanawake. Aliyenipigia simu ni Shaikha. Ana ofisi ya mafunzo hapa Ibra, magari mawili. Anasema amechoka kupoteza wateja. Ibra imejaa mabibi waliotoka Afrika, Kiarabu chao ni cha salamu na cha sala, na mwalimu akipiga kelele "yasar! yasar!" wao wanakwenda kulia. Wanataka mtu wa kuwaambia: kushoto, bibi, kushoto.

"Wewe Badriya una leseni ya kufundisha, una Kiswahili cha shule, na huogopi," akasema.

La tatu si kweli. Sikumsahihisha.

Leseni ya kufundisha niliichukua mwaka jana kwa ukaidi tu. Gari la otomatiki linataka mguu mmoja, na wa kulia ninao, mzima kabisa. Wa kushoto ndio wa bandia, kuanzia chini ya goti, tangu ajali ya miaka kumi na sita iliyopita.

Nasr alikuwa anachambua tende kwenye sinia. Nilimwambia. Alifurahi — niliona sharubu zimepanda. Kisha zikashuka.

"Na kadi?"


Jumatatu, 8 Septemba

Wifi Ghaniya kaja na chupa yake mwenyewe ya kahawa, ishara kwamba habari ni ndefu.

Kuna mtu wa Mudhaibi anamjua yeye. Hasikii. Alikuwa na kadi ya ulemavu kama yangu, wakampa mashine za masikio. Akapata kazi ghalani. Mashine zikaharibika, akaenda na kadi yake, akaambiwa wewe sasa mfanyakazi, nenda kwa bima ya kampuni. Bima ya kampuni ikamwambia masikio yako yaliharibika kabla hatujajuana.

"Sasa ukimwuliza saa ngapi," anasema Ghaniya, "anakujibu alhamdulillahi, wazima."

Tulicheka, lakini mimi nilicheka nusu.

Niandike, ili nijue ninachokiogopa. Homa, meno, presha — hayo hayanitishi, hospitali ya serikali iko palepale kwa kila mtu. Mguu ndio wenye kadi. Mguu mpya ukichakaa huu. Soksi ya silikoni, ambayo bila hiyo kikombe cha mguu, pale panapoingia kigutu, kinakula ngozi. Mazoezi. Daktari wa kigutu. Bila kadi, vyote hivyo ni vya kununua, na mguu haununuliwi kama kiatu. Naanza kazi kwa sababu nina mguu. Nikianza kazi napoteza mguu. Nikipoteza mguu naacha kazi. Nikiacha kazi narudishiwa mguu!

Nilimweleza Nasr hivyo na akaniambia nirudie polepole.


Jumatano, 10 Septemba

Nimekwenda ofisi ya kadi mwenyewe, kuliko kusikia ya mtu wa Mudhaibi.

Dirisha la pili: bwana mwenye kalamu tatu mfukoni. Ukisajiliwa kazini kadi inasimama, kasema, bila kuinua macho. Inasimama kwa muda au kwa milele? Inasimama.

Nikazunguka nikachukua namba nyingine. Dirisha la nne: mwanamke, jina lake kifuani Taghreed. Haisimami, kasema huyu. Ukisajiliwa, kompyuta yenyewe inapeleka faili kwa lajna, yaani ile kamati ya madaktari, na lajna ndiyo inayoamua.

"Inaamua kwa kuangalia nini?"

"Kama bado una ulemavu."

Nikamwambia tangu nilipokaa hapa mguu haujaota. Akajifunika mdomo kwa shela. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kanuni ni mpya, na kila dirisha limeisoma kivyake. Huyo nimempenda. Lakini kupenda si jibu.


Alhamisi, 11 Septemba

Shaikha anasema iko njia. Nifanye kazi, asinisajili. Mfumo hauoni kitu, kadi inabaki, mshahara mkononi. Anasema kwa nia njema, najua, uso wake wote ulikuwa huruma.

Nimemwambia nitafikiri. Ghaniya anasema la kufikiri hapo halipo.


Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya chakula Wasan alirudi chumbani kwake, tukabaki mimi na Nasr na sinia la wali. Nikamwambia ya Shaikha.

Alikusanya punje za wali kwenye ukingo wa sinia. Halafu akasema, basi kila polisi akisimamisha gari utakuwa unajificha chini ya usukani?

Si hilo tu. Miaka kumi na sita nimo kwenye karatasi za watu. Aliyepata ajali. Mke wa fulani. Mwenye ulemavu wa daraja hili. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa shule, nilikuwa na meza na muhuri! Nataka karatasi moja inayosema kazi yangu ni nini. Moja tu. Siwezi kuipata kazi halafu nikaificha uvunguni.

Nikamwambia hivyo.

Nasr akanishika mkono. "Sajiliwa, Mama Wasan. Mguu wakiukata tutaona la kufanya."

"Ulishakatwa, Baba Wasan."

Akanitazama. Mimi nikamtazama. Tulicheka mpaka Wasan akatoka kuuliza kuna nini, na wali ulikuwa umeshapoa.


Jumapili, 14 Septemba

Nimetia saini. Badriya, mudarriba, yaani mwalimu wa udereva. Nimeipiga picha karatasi mara nne.

Kampuni inatoa bima. Kijitabu kimoja kinene, nimekisoma chote kwenye kiti cha ofisi huku Shaikha akichelewesha chai. Macho, ndiyo. Meno, ndiyo. Uzazi, ndiyo — asanteni sana, nina miaka arobaini na mitano. Viungo vya bandia na maradhi yaliyotangulia, la. Yaani nimekatiwa bima yote, isipokuwa kuanzia goti la kushoto kwenda chini. Huko hawanijui.


Jumatano, 17 Septemba

Mwanafunzi wa kwanza wa Kiswahili: Bi Shukriya. Miaka sitini na mmoja, mwenyeji wa Unguja, mjane, buibui la hariri na miwani ya jua mikubwa ya mjukuu wake. Dada yake yuko Sur. Ana watoto wanne wa kiume wenye magari manne, na kila akitaka kwenda kumwona dada yake anaambiwa wiki ijayo, mama.

"Nimechoka na wiki ijayo," kaniambia. "Nifundishe, mwanangu."

Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, akakaa nyuma ya usukani, akaushika kama mtu anayemshika mbuzi asikimbie.

Tulikwenda mita mia. Nikamwambia mbele kuna kipilefti, punguza mwendo. Akasimama katikati ya barabara. "Kipi? Lefti? Ndiyo kitu gani hicho?" Nikamwonyesha. "Aa, duwari! Sema duwari basi, wataka kuniua kwa Kiswahili cha bara?"

Nyuma honi tatu. Yeye akawapungia mkono, kwa adabu kabisa.


Jumatatu, 22 Septemba

Wanafunzi watano sasa! Wote wameambiana mdomo kwa mdomo. Mmoja analia kila akiweka rivasi. Mmoja anataka kujua kama indiketa ni lazima ikiwa mtu anajua mwenyewe anakokwenda.

Nimerudi nyumbani nimechoka uchovu mtamu. Nilikuwa nimeusahau.


Jumanne, 30 Septemba

Leo Bi Shukriya ameujua mguu.

Uwanja wa mapipa. Kurudi nyuma baina ya mapipa ndio mtihani wa kwanza, na yeye anayaogopa kama anavyoogopa mbwa. Nilikuwa nimeshuka ili nimwelekeze kwa mkono. Badala ya breki akakanyaga mafuta. Pipa likaruka. Likaja moja kwa moja likanigonga muundi wa kushoto — kooo! — sauti ya bakuli.

Bi Shukriya akatoka garini mbio, mtandio umemwangukia miguuni. Akaanza kulia nimekuvunja, nimekuvunja mwanangu. Mimi nimesimama tu. Sikusikia maumivu yoyote, bila shaka.

Nikapandisha suruali kidogo nikamwonyesha.

Akatazama muda mrefu. Akagonga kwa kifundo cha kidole, mara mbili, kama mlango. "Na siku zote unanikimbiza uwanja mzima kwa huu?"

"Kwa huu."

"Basi mimi ninayo miwili ya Mungu, na hakuna hata mmoja unaonisikia."

Tukacheka tukiwa tumeshikana mabega, jua limetuchoma utosi. Pipa limebonyea. Mguu una mchubuko kidogo wa rangi, basi.


Jumamosi, 4 Oktoba

Si mchubuko wa rangi basi. Kikombe kimesogea au soksi imechakaa, sijui. Jioni nilipovua, ngozi ya kigutu ilikuwa nyekundu mduara mzima. Sijamwambia Nasr.


Jumatatu, 6 Oktoba

Nasr kaona mwenyewe. Amenipeleka Nizwa kwenye karakana ya viungo vya bandia, mimi nimekaa kiti cha abiria kama mgeni.

Laith ndiye fundi wangu tangu mguu wa bandia wa pili. Mtu wa maneno machache, mikono yake ina alama za moto. Akaikunja soksi, akaonyesha ilipopasuka. Hii inataka mpya, akasema, na kikombe nacho kinataka kubadilishwa, umekonda. (Nimekonda! Hilo nimelihifadhi.) Akaingiza namba ya kadi kwenye kompyuta. Akaingiza tena.

"Imekufunga," akasema. "Inasema: mfanyakazi, asubiri lajna."

Nikasema pengine umekosea namba. Akanigeuzia kioo. Jina langu, na mstari mwekundu.

Nilidhani nitakuwa shujaa wakati huo. Sikuwa. Nilikaa kwenye kile kitanda chembamba na machozi yakaja yenyewe, mbele ya fundi, mbele ya miguu ya watu wengine iliyotundikwa ukutani. Nasr akawa anasoma tangazo la moto kama vile ana mtihani.

Laith hakusema pole. Alisema: kutoa kipya nimezuiwa, kutengeneza cha zamani sikuzuiwa. Akakipasha kikombe moto, akakitanua, akabandika sponji ndani, akashona soksi kwa kiraka. Saa mbili. Siku tano usivae, akasema, ngozi ipone. Baada ya hapo kitakuchukua mwezi, labda miwili.

Njiani Nasr alisimama Bidbid tukanywa chai ya karak garini. Hakusema nilikwambia, maana hakuniambia.


Jumanne, 7 Oktoba

Magongo. Nimepika, nimefua, nimemwaga maji mara moja. Ghaniya kapiga simu mara sita, kila mara na mtu mpya wa Mudhaibi.

Shaikha kaniambia nisifikirie kazi, kiti changu kipo. Bi Shukriya katuma ujumbe wa sauti wa dakika saba, dua yote, na mwisho wake: "ila usichelewe, nisije nikasahau breki iko wapi."


Alhamisi, 9 Oktoba

Ofisi ya kadi, kwa magongo. Kalamu-tatu wa dirisha la pili alinitazama akaona magongo, akawa mpole ghafla. Mwezi uliopita nilisimama mbele yake kwa miguu miwili hakuniona. Nimeliandika hilo kwa sababu limenikera.

Taghreed alinitolea fomu ya lajna. Kurasa nne. Nilikaa kwenye benchi nikaijaza vizuri mpaka swali la saba.

Swali la saba: Je, unaweza kufanya kazi? Visanduku viwili. Ndiyo. La.

Nikitia alama kwenye Ndiyo, basi mguu wa nini kupewa. Nikitia alama kwenye La, kesho wananiuliza kule kwa Shaikha natafuta nini. Nilikaa na swali hilo mpaka aliyekaa kando yangu akaondoka, akaja mwingine, naye akaondoka. Kisha nikaviacha visanduku vyote viwili. Pembeni, kwenye nafasi nyeupe, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa karani:

Nikiwa na mguu, naweza. Bila mguu, siwezi.

Taghreed alisoma. Akasema mfumo haukubali bila kisanduku. Nikamwambia mimi sijui kusema uongo kwa alama ndogo hivyo. Akasoma tena. Akatazama dirisha la pili, akaskani fomu kama ilivyo, akagonga muhuri. "Wataamua wenyewe watakavyoifanya," akasema. "Lakini wataisoma. Nitawapigia wasiirudishe."

Nilitaka kumbusu juu ya kaunta.


Jumanne, 14 Oktoba

Nimerudi kazini. Sponji ya Laith inashika. Natembea nusu ya zamani, napiga kelele mara mbili.


Jumapili, 19 Oktoba

BI SHUKRIYA KAPITA MAPIPA!

Kwa jaribio la pili. Alirudi nyuma polepole, anazungumza na gari njia nzima, "taratibu mama, taratibu mama," na hakugusa hata moja. Mimi nilikuwa nje ya uzio pamoja na wanawe wawili waliokuja kushuhudia. Mmoja anasema hakuamini. Mwengine ananiuliza, sasa atakuwa anakwenda Sur peke yake? Nikamwambia bado mtihani wa barabara. Akapumua. Nikamwambia lakini atapita. Akaacha kupumua.

Bi Shukriya kagawa halwa ofisi nzima, na kijiko cha kwanza kanilisha mimi mdomoni kama mtoto.


Alhamisi, 30 Oktoba

Ujumbe wa simu. Lajna, Nizwa, Jumanne saa tatu asubuhi. Nije na kitambulisho, karatasi ya kazi na kiungo cha bandia. Kana kwamba ningekiacha nyumbani!

Ghaniya anasema nivae nguo zilizofubaa na nichechemee. Shaikha anasema nivae vizuri, watu wa lajna wanapenda mtu aliyejipanga. Wasan anasema: nenda ulivyo, mama. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili — kwa Kiswahili! — "daftari hii unaandika mimi?" Ndiyo, nimekuandika. Nenda kalale.


Jumanne, 4 Novemba

Naandika kwenye benchi, Nizwa, nje ya chumba cha lajna. Nasr kaenda kutafuta maji.

Nimeendesha mimi. Nilitaka kufika kama dereva. Nasr kiti cha pili, mguu wake unakanyaga breki isiyokuwepo, kutoka Ibra mpaka mlango wa hospitali. Mume wa mwalimu!

Chumbani walikuwa watatu. Mwenyekiti, daktari mtu mzima wa ndevu nyeupe. Bwana wa karatasi. Na daktari mwanamke kijana, Dokta Yaqeen. Fomu yangu mbele yao, na pale pembeni pa swali la saba mtu kapiga duara kwa kalamu nyekundu. Walisoma.

Wakaniambia nitembee. Nikatembea. Wakaniambia nivue kiungo. Nikavua, nikakiweka mezani, hapakuwa na pengine pa kukiweka. Bwana wa karatasi akasogeza chai yake. Wakaangalia kiraka cha Laith, Dokta Yaqeen akaipitisha soksi kidoleni mpaka kidole kikatokea kwenye tundu jipya.

Kisha mwenyekiti akauliza, kwa upole tu, lile nililokuwa naliogopa tangu Septemba.

"Breki ya mwalimu unaikanyaga kwa mguu gani?"

"Wa kulia, daktari."

"Wa kulia ni mzima."

"Mzima."

"Na gari otomatiki. Basi kwa kazi yako, huu wa kushoto ni wa nini?"

Nilitazama mguu wangu mezani, umevaa kiatu, uko karibu na kibakuli cha sukari.

"Wa kufika kwenye gari," nikasema.

Dokta Yaqeen alicheka kwa pua, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti hakucheka. Lakini aliweka kalamu chini, akanitazama mimi, siyo mguu, mara ya kwanza tangu niingie. Akaniuliza nina wanafunzi wangapi. Kumi na mmoja. Akaniuliza uwanja wa mapipa una ukubwa gani, nasimama jua la saa ngapi. Nikamwambia. Aliandika muda mrefu. Kisha: subiri nje.

Nikavaa. Nikatoka.

Robo saa baadaye mlango ukafunguka, katoka Dokta Yaqeen peke yake, simu mkononi. Nikasimama. Akanisemesha Kiswahili, cha watoto wetu wa siku hizi, kinachovunjika-vunjika na kitamu:

"Samahani, mama. Hii si ya lajna, hii ya mimi. Mama yangu iko Ibra. Anataka kujifunza gari, Kiarabu ya mwalimu hasikii. Wewe nafasi iko?"

"Nafasi iko, mwanangu," nikamwambia. "La mguu ndilo silijui."

Akafungua mdomo. Akatazama mlango nyuma yake. Akaufunga mdomo. "Mimi siwezi kusema," akasema. "Namba tafadhali." Nikampa. Akaiandika, akaisoma yote tena kunihakikishia, akarudi ndani.

Sasa hiyo ni dalili au si dalili? Mtu hampeleki mama yake kwa mwalimu ambaye yeye mwenyewe amemnyima mguu. Au huenda hampeleki leo, anauliza tu. Nasr kaja na maji, nimemweleza, anasema hiyo ni dalili. Yeye hata mawingu anayaona dalili.

Na hapa benchini nina jirani. Mwanamke kijana, fimbo nyeupe imekunjwa mapajani, anatoka Manah. Alisikia yote niliyomwambia Nasr. Aliniuliza kwa Kiarabu kama ni kweli mimi nimesajiliwa kazini, kwa jina langu, bila kuficha. Nikasema kweli. Amepewa kazi ya kupokea simu shuleni, mara mbili wamemwita, mara mbili amekataa kwa ajili ya kadi. Leo kadi yake inafika mwisho, amekuja kuiongeza tu, na kazi yenyewe hajui aitaje mbele yao au anyamaze.

"Wamekwambia nini?" ananiuliza.

Bado hawajaniambia kitu. Nimwambie nini mtoto wa watu? Nikamwambia ukweli: kwamba mguu nina wa kiraka, kwamba nililia mbele ya fundi, na kwamba Jumapili ijayo nina bibi ana mtihani wa barabara na sijawahi kuingojea Jumapili namna hii. Akatabasamu upande wangu. Akaniuliza jina.

"Badriya."

"Hata mimi!" akasema.

Mlango umefunguka. Bwana wa karatasi kasimama pale, anasoma kwenye faili, anaita: Badriya!

Tumesimama wote wawili.